Raba Mpya, Masharubu ya Zamani

Ijumaa, 15 Mei

Nimemaliza shule! Nina miaka hamsini na miwili na nimemaliza shule. Kengele ya mwisho imelia leo jioni. Mwalimu Hristozova amenipa ua moja na kuniambia kwamba katika miaka yake thelathini ya kufundisha hajawahi kupata mwanafunzi kama mimi. Nikamshukuru sana. Vidka, mpishi wa chekechea ninayekaa naye dawati moja, anasema ile haikuwa sifa. Wivu tu.

Miaka miwili ya shule ya jioni, yote kwa ajili ya kazi yangu ya stoo, kiwanda cha kusindika pilipili. Mkurugenzi mpya alitangaza kwamba mtunza stoo lazima awe na cheti cha darasa la kumi na mbili. Pilipili za mitungi nimezitunza miaka ishirini bila cheti na hakuna hata moja iliyotoroka. Lakini basi, cheti kinakuja.

Chakula cha jioni kwa mama mkwe, Bi Nedelya. Metodi naye alikuwepo. Metodi ni mwanyumba wangu: yeye kamwoa dada mtu, mimi nimemwoa Tsonka, mdogo mtu. Tunakaa meza moja kila sikukuu mwaka wa ishirini na sita huu, na kila sikukuu lazima mmoja wetu ashinde. Siku zote ni yeye. Nyanya zake huiva wiki moja kabla ya zangu. Tangu astaafu reli anakimbia kila asubuhi, na miaka mitatu mfululizo kawa wa kwanza kati ya waliovuka hamsini, zile mbio za kuzunguka bwawa, tarehe 24 Mei, sikukuu ya elimu.

Leo alinyanyua glasi yake ya rakia, ile pombe kali ya matunda, akanipongeza, kisha akasema cheti ni kitu kizuri, shida ni kwamba miguu haijui kusoma. Meza nzima hoi kwa kicheko. Mama mkwe ilibidi ashike meno yake ya bandia.

Nikasimama. Nikasema mwaka huu nakimbia na namshinda. Metodi akauliza naweka nini. Sijui ilikuwa rakia au ilikuwa elimu iliyonipanda kichwani. Nikaweka masharubu yangu. Naye akaweka yake. Atakayeshindwa atanyolewa na Rangel kinyozi, Jumatatu ya tarehe 25, kwenye kiti mbele ya mgahawa, kila mtu akiona.

Nimefika nyumbani, rakia imeshuka. Masharubu yangu! Nimeyafuga tangu jeshini. Tsonka hajawahi kuniona bila hayo. Sababu ya kuyafuga naijua mimi na wale wavulana wa darasa la nane: chini yake kuna mdomo wa kuku. Ndivyo walivyoniita, Kuku, kila siku, mpaka nikaacha shule. Na aliyelibuni jina hilo ni nani? Rangel huyo huyo.

Sitashindwa. Nimeamua kujizawadia raba mpya. Mtu aliyemaliza shule anastahili. Raba ndizo zitakazokimbia, mimi nitakuwa juu yake tu.

Jumamosi, 16 Mei

Plovdiv. Msichana wa duka la raba alinipandisha kwenye mashine ya kukimbilia akairekodi miguu yangu. Nilidhani ni heshima. Akasema nakanyagia upande wa ndani. Nikamwambia nakanyaga ninapotaka, mimi ni msomi.

Akaniletea raba za bluu, pana, namba arobaini na nne. Viatu vya shangazi. Nikauliza zile za njano za dirishani. Akasema zile ni za vijana wa mbio fupi, halafu imebaki arobaini na tatu peke yake, halafu raba mpya zinahitaji wiki mbili tatu za kuzoeana na mguu kabla ya mashindano. Anajua kuongea, huyo binti. Nikachukua za njano. Namba moja tu! Mguu ni nyama, utakubali.

Nyumbani nikaziweka juu ya meza. Njano ya limau, kamba za kijani. Tsonka akaziangalia muda mrefu, akauliza zinazimwa wapi.

Jumapili, 17 Mei

Mpango wa kwanza: kumvunja moyo adui. Saikolojia tulisoma muhula wa pili.

Nilizichukua raba zangu za zamani, za miaka minane, zile nilizovaa nikiupaka uzio rangi. Nikazifunga utepe mwekundu. Kwa mama mkwe, mbele ya familia yote, nikampa Metodi. Nikamwambia mwanyumba, pokea, najua pensheni ya reli haina kitu, sitaki ukimbie peku siku hiyo.

Nilitegemea aone haya. Mtu akavua ndala, akazivaa pale pale, akauzunguka mcheri wa mama mkwe mara mbili, akasema yaani zimelainika vizuri, mpya huwezi kuzipata hivi. Akanibusu mashavu yote mawili! Mkewe akanifungia nusu sinia ya banitsa, andazi la matabaka lenye jibini, niende nayo. Mtu huyu hana aibu hata kidogo.

Banitsa ilikuwa tamu. Hilo ndilo linaloudhi zaidi.

Jumatatu, 18 Mei

Mazoezi ya kwanza. Nimetoka kabla ya kazi. Jana usiku mvua ilinyesha, barabara tope tupu. Raba za njano kwenye tope? Kamwe. Nikazifunga mifuko ya nailoni ya duka la nyama, nikaifunga kwa mpira vifundoni.

Mita mia mbili hivi. Mifuko inateleza. Vidole vinalia ndani ya namba arobaini na tatu. Pale kwenye kona ya mikuyu nikapitwa na Metodi, amevaa raba zangu, anapiga mluzi. Aligeuka akakimbia kinyumenyume ili aniulize kwa upole kama nimetumwa nyama.

Malengelenge: mguu wa kushoto mawili, wa kulia matano.

Kuanzia kesho mazoezi ni ya kichwani. Mwili unafuata kichwa.

Jumanne, 19 Mei

Mazoezi ya kichwani yamekwenda vizuri. Nimezunguka bwawa mara nne nikiwa nimekaa stoo, juu ya makreti.

Vidka kapita kiwandani. Nikamweleza habari ya vidole. Anajua dawa: jaza raba maharage makavu, mimina maji, acha usiku kucha. Maharage yanavimba, raba inapanuka. Bibi yake alipanulia hivyo viatu vya harusi.

Jioni Tsonka alikuwa kwa jirani. Nikafungua kabati. Maharage yalikuwepo, meupe, makubwa, ya mlimani, zawadi kutoka kwa mama mkwe. Yametosha raba ya kulia tu. Hamna shida, ya kulia ndiyo yenye malengelenge matano.

Nimezificha bafuni nyuma ya mashine ya kufulia. Akili ninayo!

Jumatano, 20 Mei

Maharage yamevimba ajabu. Raba ya kulia imekuwa kama mtumbwi. Kwa mguu wa kulia, raha. Pengine raha imezidi kidogo.

Sasa, maharage. Kuyatupa? Kilo nzima, ya mlimani, ya mama mkwe, Tsonka angeuliza. Raba ilikuwa mpya kabisa, safi, haijakanyaga chochote ila nailoni. (Na mguu wangu, lakini niliuosha Jumamosi.) Nikayasuuza mara moja nikayaweka kwenye bakuli jikoni. Tsonka akafurahi mno kwamba kwa mara ya kwanza katika ndoa hii nimekumbuka kuloweka maharage bila kuambiwa. Akanipapasa bega. Akapika supu ya chungu na kumwita mama yake, na dada yake, na Metodi.

Mimi nilisema tumbo linanisumbua. Metodi alikula bakuli mbili. Alisema supu ina ladha fulani ya zamani, ya kambini, akaomba aelezwe Tsonka kaweka kiungo gani. Mama mkwe akafuta bakuli kwa mkate.

Nikatafuna mkate wangu mkavu. Ushindi huo, ila hauna wa kumsimulia.

Ijumaa, 22 Mei

Siku ya kuagwa. Leo usiku ni dhifa ya wahitimu. Tsonka alisema kuagwa nyumbani ni mambo ya watoto wa miaka kumi na minane, mimi nina mvi kifuani. Nikasema au naagwa kama wahitimu wote au siendi popote. Akasema usiende basi. Mama mkwe akaamua upande wangu, kwa sababu anapenda mikusanyiko.

Mtaa mzima ukaja uani, hadi kasisi. Mama mkwe alileta ndoo yake ya shaba, ya mahari yake, akaijaza maji na maua ya peoni, akaiweka kizingitini. Mhitimu anatoka, anaipiga teke kwa mguu wa kulia, maji yanamwagika, na maisha yanatiririka vivyo hivyo. Nikawaambia ijazeni mpaka juu kabisa. Sitaki maisha ya nusu ndoo!

Nikatokea mlangoni. Suti nyeusi ya harusi yangu, tumbo limefungwa kwa pini, raba za njano miguuni. Watu wakashangilia. Metodi akiwa mbele kabisa, simu juu, anarekodi. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikakimbia, nikapiga teke la maisha yangu.

Ndoo haikusogea. Raba ndiyo iliyoondoka. Ilipaa, ikapita juu ya kichwa cha kasisi, ikatua katikati ya sinia la mkate wa mviringo uliokuwa mikononi mwa dada yake Tsonka. Nikabaki na soksi. Ile yenye tundu.

Maji ndani ya ndoo yametulia tuli, maua hayajatikisika. Ni Metodi aliyeanza kucheka, halafu mtaa wote, halafu kasisi.

Mama mkwe hakucheka. Alijipiga ishara ya msalaba. Akasema mkwe wangu, maji yamekugomea, mimi sijapata kuona tangu nizaliwe. Roho ikaniruka. Vidka akasema dawa ipo: hesabu. Ni desturi, wahitimu tunazunguka mji tukihesabu kwa sauti, moja mpaka kumi na mbili, namba kwa kila darasa la shule. Mwenye mkosi wa ndoo ashike hesabu tu, kila wenzake wanapoanza kuhesabu yeye amalize nao, mkono juu, mpaka kumi na mbili, hadi wiki iishe Jumapili jioni. Akikatisha, ameikatisha bahati yake. Mama mkwe akaunga mkono: usikatishe hata nyumba ikiwaka moto, umenisikia? Nikasema nimesikia, mama.

Tsonka amesema tumeshakuwa vichaa watatu sasa.

Jumamosi, 23 Mei

Nimelala saa mbili tu. Tumehesabu ndani ya magari, juu ya meza, kwenye ngazi za manispaa, mbele ya nyumba ya Mwalimu Hristozova mpaka akafunga madirisha. Mara arobaini na sita. Sijakatisha hata moja! Sauti imekauka. Malengelenge yamekuwa tisa, kwa sababu ya kucheza ngoma.

Nimejaza raba ya kulia karatasi kutoka daftari la fizikia. Sasa inakaza sawasawa. Fizikia imenifaa hatimaye.

Kesho Metodi anakwisha.

Jumapili, 24 Mei

Naandika polepole. Kukaa kunauma, kusimama kunauma.

Kulikuwa na jua, bendi, bendera, watoto wenye mashada ya maua. Tulikuwa wakimbiaji kumi na wanane wa zaidi ya hamsini. Metodi alisimama karibu nami katika raba zangu kuukuu, madoa ya rangi ya uzio bado yako juu yake. Akanipa mkono. Sikuupokea. Nilijisikia vizuri, niseme ukweli. Nilijisikia simba.

Karani wa manispaa akashika kipaza sauti. Akasema atahesabu mpaka tatu. Nyuma ya kamba walikuwepo wenzangu wa darasa, bado na nguo za juzi, wamekuja kunishangilia. Karani: moja! Darasa langu likadakia naye: mbili! Tatu!

Watu wote wakaondoka.

Darasa langu likaendelea. Nne! Tano!

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda wenyewe. Nilikuwa na nusu sekunde ya kuchagua: masharubu au maisha yangu yote yaliyobaki. Nilimwona mama mkwe kule nyuma ananikazia macho, kidole juu. Sita! Saba! Nilisimama peke yangu kwenye mstari, suruali fupi, raba za njano, ngumi hewani. Nane! Tisa! Karani akaniambia kwenye kipaza sauti kwamba mbio zimeanza, bwana. Kumi! Kumi na moja! Watu mia nne walikuwa wananitazama na sikutetereka. Kumi na mbili!

Kisha nikaruka kama risasi.

Mpaka kwenye mnara wa pampu, sema mita mia tatu, nilikuwa sawa. Baada ya hapo kifua kiligoma. Upande wa mbali wa bwawa kuna tope la mafuriko. Nikapiga hesabu: nazichafua raba mpya kwa ajili ya nini, nikiwa tayari wa mwisho? Nikazivua. Nikakimbia na soksi, raba mkononi, nimezinyanyua juu. Mama mmoja wa miaka sitini na nane anayetembea na fimbo mbili alinipita akaniambia pole.

Metodi alikuwa wa kwanza. Ndani ya raba zangu! Ukitazama kwa haki, nusu ya ushindi ule ni mali yangu. Alinisubiri kwenye kamba na chupa ya maji, alishaoga.

Tsonka alishika saa. Anasema Metodi kanizidi dakika kumi na tisa. Nikamuuliza hesabu ya darasa ilichukua muda gani. Sekunde tisa. Ndizo zilizoniua! Sekunde tisa! Tsonka akaenda kuweka maji ya miguu yangu.

Raba zimemaliza mbio zikiwa safi kabisa.

Jumatatu, 25 Mei

Asubuhi Metodi alikuja mlangoni. Akasema mwanyumba, tuache mchezo, lilikuwa neno la mezani, masharubu yako yabaki. Alisema kwa sauti ya chini, Tsonka asisikie.

Nikamtazama. Mtego huo! Anataka aje auambie mji mzima kwamba alinisamehe. Kila sikukuu, miaka ishirini na sita mingine, anipitishie chumvi na kunikumbusha. Nikamwambia mwanamume akiweka neno ameweka. Akasema Zaprian, nakuomba. Nikavaa koti.

Mbele ya mgahawa viti vyote vimejaa. Watu walileta hadi watoto. Rangel akanifunga shuka shingoni, akapaka povu. Wembe ulikuwa baridi. Miaka thelathini na miwili ilianguka mapajani mwangu, nyeusi na nyeupe, nikaona ni kidogo sana.

Akafuta povu. Akarudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeubana mdomo kwa nguvu zangu zote, lakini mdomo ukibanwa huwa kuku zaidi. Rangel akatabasamu taratibu. Akasema: "Karibu nyumbani, Kuku."

Niliumia. Sitaandika zaidi ya hapo. Nilikuwa na miaka kumi na minne tena na nilitaka kuiacha shule ambayo nimeshaimaliza. Watu walicheka mpaka vikombe vikagongana. Mtu mmoja tu hakucheka, Metodi, na nikamchukia kwa hilo pia.

Nyumbani niliingia na skafu usoni, mwezi wa tano, jua kali. Tsonka akaivuta. Akaangalia muda mrefu. Kisha akanigusa mdomo kwa kidole chenye unga, akasema kumbe una mdomo mzuri namna hii, umenificha miaka yote hii, mjinga wewe.

Huruma tupu. Nimelala nikiangalia ukuta.

Jumanne, 26 Mei

Siamini! Leo jioni Metodi kaja kula kwa mama mkwe na masharubu yake kanyoa. Yote! Alijinyoa mwenyewe jana, baada ya kutoka mgahawani. Anasema eti ameona nisibaki peke yangu mezani. Mama mkwe akasema Mungu ambariki. Tsonka alifuta machozi kwa aproni.

Mimi siyo mtoto. Ananiiga! Hata kwenye kushindwa anataka anishinde. Na amependeza, tena kunishinda, anaonekana kijana wa miaka arobaini. Wote walikuwa wanamwangalia yeye. Mimi ndiye niliyenyolewa hadharani, na yeye ndiye aliyesifiwa!

Nikasimama. Nikasema Septemba kuna mbio za sikukuu ya mavuno, kilomita kumi. Nikasema sekunde tisa zangu nazidai. Metodi akashika kichwa akauliza sasa una nini cha kuweka, mwanyumba. Nikaweka nyusi. Zote mbili. Tsonka akainuka mezani akatoka uani, nikamsikia anaongea na mcheri.

Nimelichunguza kosa lote kwa utulivu, kisomi. Kosa ni rangi. Njano inavuta macho ya watu, mtu anajisahau mstarini. Nimempigia simu yule binti wa Plovdiv. Kanikumbuka mara moja, sijui kwa nini. Nyekundu zipo, ila imebaki namba arobaini na mbili tu. Kaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nimemwambia aniwekee.

Safari hii sitafanya ujinga wa kupanua upande mmoja. Nimenunua maharage kilo mbili. Tsonka kayaona jikoni, akanipapasa bega, akasema Jumapili atawaalika tena wote.